Jina jipya katika uzee

Wazee wengi wa makanisa yetu ya mashariki wamebeba majina zaidi ya moja. Wakati wa Wabelgiji walipewa jina la ubatizo. Mwaka wa 1971 nchi yetu ikaitwa Zaïre, na mwaka wa 1972 serikali ikaamuru watu waache majina ya kigeni, wachukue ya mababu. Aliyebatizwa Pierre akaendelea kuitwa Pierre nyumbani, lakini si kwenye karatasi za serikali. Tangu 1997 nchi inaitwa tena Congo, na wengi wanaandika majina yote mawili.

Je, mtu huyo ni nani? Maandiko yanatusaidia. Abramu alikuwa na miaka 99 Mungu alipomwita Abrahamu, na Sarai akaitwa Sara (Mwanzo 17). Jina jipya halikumfuta mtu wa zamani. Lilimpa ahadi ya mbele, katika umri ambao watu huhesabu kwamba safari imekwisha.

Basi tusimwite mama aliyefiwa "mjane wa fulani" tu, kama vile naye alizikwa pamoja na mumewe. Tusimcheke mzee anayeanza kujifunza kusoma, wala anayeomba ubatizo akiwa na mvi. Kubadilika katika uzee si haya. Tumwulize: Unapenda tukuite nani? Jina lako lina maana gani? Wajukuu wasikie jibu kutoka kinywani mwake, wasilingoje kwenye msalaba wa kaburi.