SANDUKU LA UANI LISILOOGOPA MVUA

Mkulima asiye na ghala hana budi kuweka vyombo vyake popote apatapo nafasi. Majembe huegemezwa nyuma ya nyumba, mapanga huchomekwa katika nyasi za paa, na mbegu za msimu ujao hulala chini ya kitanda pamoja na panya. Ndiyo maana wengi wetu humwendea seremala kuagiza sanduku kubwa la mbao la kuwekwa uani. Fikira hiyo ni njema. Lakini masanduku mengi tuyaonayo huwa yameoza kabla ya masika ya pili, na hasara yake haiishii katika mbao.

Tulipata kuliona sanduku moja la kikundi cha wakulima. Lilipakwa rangi ya kijani ya kupendeza, likakalishwa moja kwa moja juu ya udongo. Mvua zilipokwisha, lilifunguliwa ili wenyewe wagawane mbegu za maharage. Lahaula! Maharage yalikuwa yamechipua ndani ya mifuko, majembe yamevaa kutu, na mbao za sakafu zikibomoka kwa kidole. Rangi ya nje ilikuwa ingali nzuri. Wenyewe waliilaumu mvua. Sisi twaona kwamba kosa lilikuwa la ujenzi.

Ifahamike kwamba maji yapitayo juu ya ubao na kwenda zake hayana madhara makubwa. Maji yanayokaa ndiyo yaozeshayo. Kuvu inayoozesha mti haistawi katika mbao ambazo unyevu wake haufikii asilimia 20 hivi. Basi kazi ya fundi ni kuyapa maji njia ya kuondoka na kuipa hewa njia ya kuingia.

Tuanze na mbao zenyewe. Mvule na msaji hustahimili kuoza kwa asili yao, ingawa bei yao ni kubwa. Msonobari hupatikana kwa urahisi, ila huoza na kuliwa na mchwa upesi usipotiwa dawa. Mbao za aina yoyote zikaushwe kwanza kivulini, zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake. Zikipigiliwa zingali mbichi zitasinyaa, na nyufa zitafunguka.

Kwa majembe yenye mipini, sanduku la urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 60 latosha. Ukuta wa nyuma uwe na kimo cha sentimita 70, na wa mbele 60, ili kifuniko kiinamie mbele. Miguu iliinue sakafu sentimita 15 kutoka chini, nayo isimame juu ya mawe au matofali. Hapo mchwa akitaka kupanda atajenga njia yake ya udongo mahali pa wazi, tutamwona na kuibomoa.

Mbao za sakafu ziachiane nafasi ya nusu sentimita, na chini yake upigiliwe wavu wa waya kuzuia panya. Mbao za kuta zilazwe kwa urefu, kila ubao wa juu ukiufunika wa chini kwa sentimita 2 au 3, kama vigae vya paa. Msumari usipite katika mbao mbili zilizopandana, kwa kuwa ubao hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ukifungwa pande zote mbili hupasuka. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Karibu na ukingo wa juu wa kila ukuta wa pembeni yatobolewe matundu machache ya hewa, nayo yafunikwe kwa wavu.

Kifuniko kivikwe bati, nacho kizidi kuta kwa sentimita 5 mbele na pembeni. Mahali panapovuja zaidi ni nyuma, kwenye bawaba. Ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, ukipigiliwa juu ya kiungo hicho na ukingo wake kuingizwa chini ya bati, huzuia maji na kukunjika pamoja na kifuniko.

Rangi ya mafuta ipakwe nje mara mbili, hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa kwa msumeno, maana huko ndiko mti unywako maji upesi. Ndani tusipake kitu, ili unyevu upate kutoka. Wako wapakao mafuta machafu ya injini. Hiyo ni desturi mbaya: hudhuru udongo, wala hayafai kuwa karibu na mbegu.

Sanduku liwekwe kivulini, mbali na matone ya paa. Mbegu zikaushwe vema kabla ya kuwekwa, tena zitiwe katika debe au chupa yenye kizibo, kwani hata sanduku bora hupitisha hewa yenye unyevu.

Kila mwaka kabla ya mvua tutazame miguu, bati na mpira wa bawaba. Ni kazi ya asubuhi moja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na aliyepoteza mbegu hununua kwa mkopo kile alichokuwa nacho uani.