Juu ya Kununua Yoti Kongwe ya Faiba Baada ya Kustaafu

Katika hori na bandari ndogo za pwani ya kusini ya Uingereza, kuanzia Chichester hata Poole, zimejaa mashua za tanga za faiba zilizoundwa kati ya miaka ya 1960 na 1980, nyingine zikielea na turubai juu ya sitaha, nyingine zikiwa nchi kavu juu ya magogo na nyasi zimeota chini yake, na aghalabu bei yake haifiki bei ya gari lililokwisha kutumika. Na mtu aliyestaafu, ambaye umri wake wote wa kazi aliitamani bahari kutoka kiti cha ofisi, huiona bei ile akadhani amefunguliwa mlango wa neema. Mlango kweli u wazi. Walakini fedha anayompa muuzaji ni fungu la kwanza tu la deni ambalo muuzaji mwenyewe amechoka kulilipa, na makala haya yataka kueleza deni hilo limejificha wapi katika chombo, sehemu ipi ni ya kuogopwa na ipi huogopwa bure, na kwa nini mstaafu sharti apime mambo haya kwa mizani isiyo ya kijana.

Kabla ya faiba, mashua ya starehe ilikuwa ya mbao, na mbao, kama ajuavyo kila mtu wa pwani aliyepata kutia kalafati, hudai matunzo mwaka hata mwaka: isipopakwa huliwa na wadudu wa maji ya chumvi, ikianikwa mno hupasuka, ikituamisha maji ya mvua huoza. Mwaka 1942 Mmarekani Ray Greene, wa mji wa Toledo katika Ohio, aliunda mashua ndogo kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika utomvu wa poliesta; na katika maonyesho ya New York ya Januari 1959 mabinamu wawili wa ukoo wa Pearson, kutoka Bristol katika Rhode Island, walileta Triton, yoti ya futi 28 iliyosanifiwa na Carl Alberg, mzaliwa wa Sweden, wakapata wanunuzi ambao zamani wasingethubutu kuwaza kumiliki yoti, maana bodi ya kwanza ikishatoka katika kalibu, ya pili na ya mia hufuata kwa kazi ile ile na bila seremala bingwa. Waundaji wa siku zile hawakuwa na uzoefu wa kuwajulisha faiba yataka unene gani, na wengi wao, kwa hadhari, walizidisha. Ndiyo sababu bodi zao zingali nzima leo, ilhali vitu vyote vilivyofungwa juu yake, yaani milingoti, injini, bilula, nyaya na madirisha, vimekwisha kuchakaa, baadhi yake mara mbili au tatu.

Nitashika mfano mmoja, kwa kuwa yoti hutofautiana na maneno ya jumla hayamfai mnunuzi. Huko Lymington yaliundwa mamia ya Contessa 32, kazi ya David Sadler na Jeremy Rogers, na sifa yake ilienea baada ya tufani ya mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, ambayo katika yoti 303 zilizoanza 85 tu zilimaliza na mabaharia 15 wakafa, kwa sababu Assent, chombo cha aina hiyo, ndicho pekee katika daraja lake kilichofika mwisho. Ni chombo cha heshima, na bei yake inajua hivyo. Mimi, kwa mtu wa umri wa miaka 65 asiyenuia kuvuka bahari kuu, ningemwelekeza kwenye kitu kisicho na fahari: Westerly Centaur, yoti ya futi 26 iliyochorwa katika ofisi ya Laurent Giles na kuundwa Waterlooville, karibu na Portsmouth, tangu 1969 hata 1980, kwa idadi inayopita 2,400. Ina mikuku miwili ya chuma badala ya mmoja, na maji yakipwa hukaa wima juu ya matope kwa miguu yake yenyewe, basi mwenyewe hahitaji kulipia nafasi ghali penye maji marefu. Mtu mzima husimama ndani bila kuinama sana. Haikimbii, na dhidi ya upepo husuasua, lakini mstaafu ana haraka ya kwenda wapi?

Jambo litakalomtisha kwanza ni malengelenge. Akitembea yadini atasikia watu wakiyataja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja maradhi ya jamaa. Asili yake ni hii: juu ya nyuzi za kioo kuna ngozi laini yenye rangi, ambayo mafundi huiita jelikoti, na ngozi hiyo, ijapoonekana haipenyeki, hupitisha maji kidogo kidogo kwa miaka mingi, ndani maji hukutana na mabaki ya kemikali ambazo hazikuungana sawasawa siku poliesta ilipoganda, huziyeyusha, na kile kimiminiko kizito hufyonza maji mengine kutoka nje mpaka msukumo wake unaiinua jelikoti ikafura. Lengelenge likitobolewa hutoa maji yenye harufu ya siki. Maji ya uvuguvugu huiharakisha kazi hii, na kwa hiyo boti za faiba za kwetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara, hazina kinga kwa kuwa ziko katika nchi ya jua. Tiba kamili ni kuimenya ngozi yote iliyo chini ya mstari wa maji, kuiosha bodi mara nyingi kwa maji matamu, kuiacha ikauke kwa miezi, kisha kuipaka epoksi tabaka juu ya tabaka. Na gharama yake yaweza kupita thamani ya Centaur nzima. Lakini malengelenge machache ya ukubwa wa sarafu katika bodi nene ya mwaka 1974 hayajazamisha mtu. Hukwanguliwa moja moja, hukaushwa, hujazwa, na chombo hurudi majini. Mnunuzi mwenye akili huyatumia kupunguza bei, asiyatumie kujinyima chombo.

Sitaha ndiyo ya kuogopwa, nayo haiogopwi na mtu kwa sababu inapendeza kwa macho. Katika yoti nyingi za zamani hizo sitaha si faiba tupu; ni matabaka mawili membamba ya faiba, na katikati yake mmewekwa mbao nyepesi za balsa au plaiwudi, ili ipatikane imara bila uzito. Maadamu mbao zile ni kavu, sitaha hudumu. Lakini kila nguzo ya ukingo, kila kishikio cha kamba na kila reli imefungwa kwa bolti zinazopenya matabaka yote, na gundi iliyozizunguka ilikwisha kukauka na kupasuka zamani, hata maji ya mvua huteremka kando ya bolti na kuzilowesha mbao, ambazo huoza gizani pasipo mtu kujua. Mtazame mkaguzi wa vyombo akifanya kazi yake: hupiga magoti, akashika nyundo ndogo ya plastiki, akagonga hatua kwa hatua kutoka omo kuelekea tezi, na penye uzima nyundo hulia kavu na kurudi mkononi, lakini karibu na nguzo sauti hufifia ghafla ikawa butu, naye hutoa chaki akachora duara, akaendelea kugonga mpaka sauti irejee. Miduara mitatu midogo ni kazi ya wiki chache. Miduara ikishikana kutoka mlingoti hata usukani, mshukuru mwenye chombo na ushike njia.

Palipoharibika kidogo pana njia nzuri ya kuponya, ambayo mstaafu mwenye subira aweza kuifanya kwa mkono wake: kila tundu la bolti hupanuliwa kuliko lilivyokuwa, mbao zilizooza zikafukuliwa pande zote kwa msumari uliokunjwa, nafasi ile ikaachwa ikauke, ikajazwa epoksi nzito, na epoksi ikishaganda tundu hutobolewa upya katikati yake kwa kipimo cha bolti. Tangu hapo maji, hata yakipenya, hukuta epoksi wala hayazifikii mbao.

Narudi kwa Centaur na mikuku yake. Kule kusimama juu ya matope, ambako ndiko kunakoipa thamani, huibana bodi kila siku kwa nguvu ambayo yoti ya mkuku mmoja haiijui, kwa kuwa miguu yataka kupanuka na bodi yakataa. Na baadhi ya Centaur za mwanzo zilipasuka kwa ndani pale mikuku ilipofungwa, zikaanza kuvuja. Chombo kikaguliwe kikiwa kimeinuliwa na kreni, mikuku ikining'inia, kisha mtu ausukume mmoja kwa bega. Ukitikisika, au mstari wa kutu ukionekana umechuruzika kwenye kiungo, sharti muuzaji aulizwe kama sakafu iliwahi kuongezwa mataruma na faiba kwa ndani, na atoe ithibati kwa stakabadhi. Nyingi zimekwisha kuimarishwa hivyo, na zile zilizoimarishwa vizuri hazina neno.

Bilula zilizo chini ya maji, na kamba za waya zinazoshika mlingoti, sizitolei maelezo marefu, kwa kuwa hukumu yake ni moja: zisipojulikana umri, zitolewe. Bilula ya shaba ya manjano ikikaa katika chumvi hupoteza zinki, hugeuka rangi ya waridi, na siku moja huvunjika mkononi kama biskuti. Waya wa chuma kisichoshika kutu huhifadhiwa na utando mwembamba unaohitaji hewa, na pale unapoingia katika kifungo chake, mahali pasipo hewa na penye unyevu, huliwa bila dalili kwa nje. Kwa hiyo makampuni ya bima aghalabu hutaka kamba hizo zibadilishwe zipatapo miaka 10 hivi.

Injini ni habari nyingine. Centaur nyingi zilitiwa Volvo Penta MD2B, dizeli ya silinda mbili na nguvu 25 za farasi, chuma kizito kinachopozwa kwa maji ya bahari yenyewe, na miaka 50 ya chumvi huziba njia za maji ndani yake mpaka injini hupata joto kila ikilazimishwa. Vipuri vyake ni haba na ghali. Injini mpya, pamoja na kazi ya kuifunga, yaweza kuzidi bei ya chombo, na hapo ndipo hesabu yote inapogeuka: Centaur inayouzwa kwa bei maradufu lakini ina injini ya miaka 5, waya mpya na tanga zisizolegea, ni rahisi kuliko ile inayotolewa bure. Nasema bure kwa maana yake halisi, kwa kuwa mwenye chombo hulipia nafasi yadini kila mwezi, na kukivunja chombo cha faiba na kukitupa nako kuna malipo, basi wapo wanaofurahi kumpa mtu yeyote atakayekichukua.

Kijana akinunua gofu na kulishughulikia miaka 6, atakuwa amejifunza ufundi na bahari ingali mbele yake. Mstaafu wa miaka 65 ana misimu, na misimu ya Uingereza ni mifupi, kuanzia Aprili mpaka Oktoba, na baadhi yake ni ya mvua. Akitumia misimu 6 juu ya ngazi, magoti yake yatakuwa yamekwisha kabla ya kazi. Kwa hiyo namshauri atengeneze kwanza yale tu yanayozuia maji kuingia na mlingoti kuanguka, kisha asafiri majira yote ya kwanza na chombo kilivyo, na daftari karibu naye, kwa sababu chombo kikiwa safarini humwonyesha kipi kinamkera kweli na kipi kilimkera tu alipokuwa akikitazama yadini. Na ngazi ile ifungwe kwa kamba. Sitaha ya Centaur iliyo juu ya mikuku yake nchi kavu imezidi urefu wa mtu, na kuanguka kutoka hapo kwaweza kumwumiza mstaafu vibaya. Vumbi la faiba nalo lataka barakoa ya haki, si kitambaa cha kufungia pua.

Imebaki dari, ambayo kila mwenye Westerly wa zamani huijua. Kiwandani ndani ya chumba palibandikwa kitambaa cha plastiki chenye sponji nyembamba kwa nyuma, na sponji hiyo ikizeeka hugeuka unga wa rangi ya machungwa, kitambaa kikaachana na faiba na kuning'inia juu ya kitanda, na unga ukawaangukia walalao. Mgeni akiona hivyo hudhani chombo kimeoza, na bei hushuka kwa jambo ambalo halina uhusiano wowote na bahari. Kukibandua ni kazi ya siku moja. Kuukwangua unga wote na gundi ya zamani kabla ya kubandika kipya ni kazi ya wiki, yenye uchafu usiosahaulika, nayo ifanywe katika majira ya baridi ya pili, milango ikiwa wazi, baada ya madirisha kuziba vizuri, maana dirisha linalovuja huiharibu dari mpya kabla ya mwaka kwisha.