Simu Hujibu Upesi. Je, Sisi Wazazi Tunajibu?

Jioni moja nilikwenda kumtazama mama yangu mzazi huko Kikwajuni, katika moja ya zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, penye mwanga, akishona kofia ya viua kama ilivyo desturi yake. Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 13, ambaye analelewa hapo, alikuwa amejilaza mkekani na simu ya mama yake mkononi. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi aandike insha juu ya siku aliyomsaidia bibi yake.

Kazi hiyo haikumchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Aliiuliza simu, simu ikamtolea insha nzima, naye akainakili katika daftari lake kwa mwandiko mzuri. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, akamsomea bibi yake. Insha haikuwa na kosa lolote. Ilimsifu bibi mmoja aliyeamka alfajiri, akachukua jembe, akaenda shamba kuvuna mahindi pamoja na mjukuu wake huku ndege wakiimba mitini.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Ni mwanamke mwema huyo, mjukuu wangu. Lakini mimi simjui."

Tulicheka sote watatu, kwani mama yangu hajapata kuvuna mahindi katika maisha yake. Tangu usichana wake kazi yake ni sindano na uzi, na mtoto yule ameiona kazi hiyo kila siku ya Mungu. Hata hivyo, nilipokuwa njiani kurudi nyumbani kicheko kilinitoka. Mtoto alikuwa na bibi wa kweli hatua mbili kutoka pale alipolala, akaona ni wepesi zaidi kumtafuta mwingine ndani ya simu.

Lawama za barazani

Siku hizi, popote penye baraza, husikika lawama kwamba vijana hawana subira. Husemwa kwamba wanataka matunda kabla ya kupanda mti, kwamba filamu ya nusu dakika huwachosha, na kwamba kazi inayohitaji miaka ya kujifunza hawaitaki. Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Lakini yafaa tuwe waadilifu. Sisi wenyewe ndio tuliotangulia kuufurahia upesi huo.

Zamani mtu wa Unguja aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Pemba alimtafuta msafiri mwaminifu, akamkabidhi bahasha, kisha akakaa siku kadhaa akingojea habari. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, shida hiyo ilikwisha. Nani kati yetu angependa kuirudia ile bahasha? Hata wahenga hawakusifu kungoja tu. Walisema subira yavuta heri, lakini walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo basi, upesi peke yake si uovu. Swali linalotupasa ni hili: chombo cha upesi kinabeba nini, na kile inachokibeba kilitengenezwa wapi?

Santuri na sauti

Hapa Unguja tunao mfano wetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, alichuuza vyungu katika ujana wake. Alihamia mjini mwaka 1911, na huko akajifunza kuimba kwa kukaa na wapiga ala waliomzidi maarifa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Gramafoni ndiyo iliyokuwa ajabu ya wakati ule: mtu aliizungusha, akaweka sindano, na sauti ya mwimbaji aliye mbali ikajaa chumbani.

Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua kama dakika tatu tu. Lakini nyuma ya dakika hizo tatu kulikuwa na miaka 17 ya mjini, na kabla yake miaka ya kunadi vyungu njiani. Santuri iliipeleka sauti ya Siti mbali kuliko miguu yake, lakini haikuitengeneza. Hatari ya leo ni kwamba mtoto hukiona chombo na hukisikia kilichobebwa, lakini ile miaka 17 haioni. Hudhani sauti imezaliwa ndani ya santuri, kama alivyodhani mpwa wangu kwamba insha huzaliwa ndani ya simu.

Giza la miezi mitatu

Wako wazazi wanaosema dawa ni moja: wanyang'anywe simu. Historia yetu imekwisha kulijaribu jambo hilo bila ya kukusudia. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ukitokea Ras Kiromoni na kuishia huko huko Fumba alikozaliwa Siti. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kizima kikakosa umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013.

Je, katika giza lile vijana walirudia nyundo na patasi, au sindano na uzi? La. Wazee kwa vijana, tulitafuta penye jenereta, tukalipa ili simu zetu zijazwe moto. Kumwondolea mtu chombo hakumfundishi kazi ya mikono wala hakumpi subira. Subira hufundishwa, na anayefundisha hapana budi aaminike.

Mtoto hungoja anayemwamini

Jambo hili la kuaminika limechunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuwajaribu watoto wadogo. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa kwamba akingoja bila ya kukila, atapata viwili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba walioweza kungoja walikuwa na tabia ya pekee ambayo ingewafaa maishani. Uchunguzi mpana zaidi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupungua hali ya nyumbani kwa mtoto inapozingatiwa.

Lakini uchunguzi unaotuhusu zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliochapishwa mwaka 2013. Huko, kabla ya jaribio, watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja lilitimiziwa ahadi. Kundi la pili liliambiwa, samahani, hakuna. Kisha wote wakawekewa kile kitu kitamu. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja kama dakika 3 tu. Watoto walikuwa ni wale wale kwa umri. Tofauti ilikuwa ni mtu mzima aliyesimama mbele yao.

Tujitazame basi. Mtoto akimwuliza baba swali la skuli, hujibiwa, "Nimechoka, kamwulize mama yako," na baba mwenyewe macho yake yako katika simu. Huahidiwa baiskeli akifaulu. Hufaulu, na baiskeli haitajwi tena. Simu, kwa upande wake, ikiulizwa saa nane za usiku hujibu. Huenda ikajibu uongo, lakini hujibu.

Kadhalika kwa vijana wakubwa. Tuliwaambia wasome kwa bidii ili wapate kazi. Wako waliosoma kwa bidii, na miaka inapita wakikaa kwenye maskani na vyeti vyao sandukuni. Kijana wa namna hiyo akivutwa na mchezo wa kubahatisha ulio katika simu, unaomwahidi fedha usiku huu huu, anakosea, na yafaa aambiwe hivyo. Lakini kabla ya kumwita mvivu, tukumbuke kwamba alingoja kwa kuamini neno letu.

Yaliyo katika uwezo wetu

Si kila ahadi iko mikononi mwa mzazi, lakini zilizo ndogo ziko. Tusimwahidi mtoto tusichoweza, na tukimwahidi tumtajie siku, na siku hiyo tuitimize. Akituuliza, tuiweke simu chini kabla hatujamjibu. Tumwonyeshe walau kazi moja inayokwenda pole pole, aione tangu mwanzo mpaka mwisho wake, iwe ni mkeka, chombo cha baharini au chungu cha pilau. Na waalimu wawatake watoto waeleze kwa mdomo yale waliyoyaandika, kwani aliyenakili bila ya kufahamu hukwama katika swali la pili.

Mama yangu hajasoma uchunguzi wowote, lakini mpwa wangu, ambaye hawezi kungojea hata maji yachemke, hungojea kofia yake ya Idd wiki baada ya wiki bila ya kunung'unika. Sababu yake sasa naifahamu. Tangu alipokuwa na miaka minne bibi yake humwahidi kofia, na hakuna Idd iliyofika kofia ikawa haijakwisha. Tena huiona ikikua: kitambaa hutobolewa tundu moja, tundu huzungushiwa uzi, kisha likafuata la pili, mpaka ua likatokea.

Usiku ule wa insha mama hakumgombeza. Alimpa sindano na kumwambia, "Basi nisaidie, ili upate la kuandika." Mtoto alishona viua saba kwa zaidi ya saa moja, akajichoma kidole mara mbili. Viua vyenyewe vilikwenda upande. Mama hakuvifumua. Kisha mtoto akaandika ukurasa mmoja na nusu, wenye makosa ya herufi na kufutafuta kwingi, juu ya kidole kilichochomwa na bibi anayeweza kutunga uzi bila ya kutazama.

Alama alizopata zilikuwa chini ya zile za wenzake walionakili. Aliniletea daftari kwa uchungu, akaniuliza, "Mjomba, sasa imenifaa nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba alama zile ni zake, na kwamba nitakwenda naye skuli tukazungumze na mwalimu wake Jumatatu.

Jumatatu nilikwenda. Mwalimu aliisoma insha ile upya mbele yetu, akamwuliza mtoto jinsi kiua kinavyoshonwa, na mtoto akamweleza mpaka kengele ikalia.

Siku ya Idd nilimwona kiwanjani Mnazi Mmoja pamoja na wenzake. Alikuwa ameivua kofia yake mpya na kuigeuza huku na huku, akiwaonyesha upande wenye viua saba vilivyopinda.