Wenye kliniki wajihadhari: Nafasi ya kwanza Google hainunuliwi

MFANYABIASHARA anayeweka mtaji wake katika zahanati au kliniki binafsi hulipia mambo mengi kabla ya kufungua mlango. Kuna pango la nyumba, leseni, mashine ya ultrasaundi, mishahara ya wauguzi na kibao cha barabarani. Baada ya hapo hukaa akisubiri wagonjwa.

Lakini wagonjwa wengi wa mjini siku hizi hawaanzi na kibao. Mama mwenye mtoto anayechemka homa saa nne za usiku, pale Sinza au Tabata, huanza na simu yake ya mkononi. Huandika maneno mawili matatu Google na kwenda pale palipotokea kwanza. Kliniki ya mtaa wa pili isipotokea, au ikitokea na namba ya simu isiyopokelewa, kwa mama huyo ni sawa na kliniki isiyokuwapo.

Pengo hilo limezaa biashara nyingine. Wapo vishoka wanaozunguka kwenye kliniki wakiuza "nafasi ya kwanza Google" kwa malipo ya kila mwezi. Wenye mitaji midogo wanashauriwa kuelewa wanachouziwa kabla ya kutoa fedha.

Ushindani umekua

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1977 ilizuia huduma binafsi za tiba za kutafuta faida, na marekebisho ya mwaka 1991 ndiyo yaliyofungua tena mlango huo. Tangu wakati huo kliniki binafsi zimeongezeka hadi mitaa mingine ina mbili au tatu zinazotazamana.

Wafanyabiashara husema biashara ni matangazo. Hata hivyo, maadili ya udaktari hayamruhusu daktari kujinadi kama muuza sabuni. Hawezi kusimama na kipaza sauti akidai kuwa yeye ni bora kuliko mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kuwa anayemtafuta anampata, na kwamba anachokisoma ni kweli. Kwa sababu hiyo, suala la kuonekana kwenye intaneti lina uzito kwa kliniki kuliko kwa duka la vitambaa.

Nafasi za aina mbili

Google, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hutoa nafasi za aina mbili katika ukurasa mmoja. Ya kwanza ni ya matangazo. Hii huuzwa kwa mnada, na mwenye tangazo kwa kawaida hulipa kila mtu anapolibonyeza. Fedha zikiisha, tangazo hutoweka. Ya pili ni ya matokeo ya kawaida, na hii haiuzwi. Kampuni hiyo yenyewe inaeleza wazi katika mwongozo wake kuwa hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza.

Kwa hiyo anayeahidi nafasi hiyo anafanya moja kati ya mambo mawili: ama anauza tangazo kwa jina jingine, au anatumia hila. Hila zina historia mbaya. Februari 2006 Google iliondoa tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW katika orodha yake, baada ya kubaini kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuihadaa mitambo ya kutafuta.

Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maduka ya JC Penney yalikuwa yamepandishwa juu kwa viungo vingi vya kulipiwa, yaani njia za kubonyeza kutoka tovuti nyingine kwenda kwao. Google iliyashusha. Kampuni hiyo ilisema haikuidhinisha hila hiyo, ikamfukuza wakala wake. Lakini aliyeshuka sokoni alikuwa mwenye duka. Wakala alikwisha kulipwa.

Katika mambo ya tiba mkono ni mzito zaidi. Mwongozo ambao Google huwapa wakaguzi wake wa ubora huiweka afya katika kundi la mambo ya "pesa yako au maisha yako", ambako anayeandika anatakiwa awe mtu wa kuaminika. Mabadiliko ya Agosti 2018 yaliyumbisha tovuti nyingi za afya kiasi kwamba watu wa fani hiyo waliyapa jina la Medic.

Kinachosaidia

Kwa kliniki ya mtaani, Google inasema hutazama mambo makuu matatu: huduma kulingana na kile kilichotafutwa, umbali kutoka alipo mtafutaji, na umaarufu wa mahali hapo. Umbali haubadiliki bila kuhama. Yaliyobaki mawili yamo mikononi mwa mwenye kliniki.

La kwanza ni kusajili Wasifu wa Biashara wa Google, ambao ni bure. Jina liwe lile lile lililo kwenye kibao na kwenye leseni, bila kupachikwa maneno ya sifa. Aina ya huduma ichaguliwe kwa usahihi, kwani kliniki ya meno iliyojiandikisha kama "hospitali" hushindana na hospitali kubwa na kuwakosa wenye jino bovu. Saa za kazi ziandikwe, zikiwamo za Jumapili na sikukuu. Namba ya simu iwe ya mapokezi. Namba ya mfanyakazi mmoja huondoka naye siku anapoacha kazi.

La pili ni tovuti yenyewe. Kliniki nyingi huwa na ukurasa mmoja wenye picha za madaktari wa Kizungu zilizonunuliwa na maneno ya Kiingereza cha vitabu. Mgonjwa haandiki hivyo. Huandika "kung'oa jino bei gani", "kliniki ya watoto Mbagala" au "kipimo cha mimba karibu". Kila huduma ikipewa ukurasa wake, kwa lugha ya wateja, pamoja na bei, bima zinazopokelewa, na jina na sifa za daktari anayeitoa, mtambo hupata cha kuonyesha na mgonjwa hupata cha kuamini.

La tatu ni wepesi. Google ilikamilisha mwaka 2023 mpango wake wa kuzikagua tovuti kwa kutazama zinavyoonekana kwenye simu. Tovuti yenye picha nzito humla mgonjwa bando, naye huifunga kabla haijafunguka.

Kuanzia Mei 2024 Google ilianza pia, kwanza Marekani na baadaye katika nchi nyingine nyingi, kuweka juu ya ukurasa majibu yaliyotungwa na akili bandia. Anayeuliza dalili za malaria anaweza kujibiwa bila kufungua tovuti ya mtu yeyote. Makala ndefu za magonjwa zilizonakiliwa huku na kule zimepoteza thamani zaidi. Kilichobaki na thamani ni kile ambacho kliniki pekee inakijua: nani yuko zamu, saa ngapi na kwa bei gani.

Sifa za kununua

Maoni ya wagonjwa husaidia kupanda, na hapo pia kuna mtego. Google hairuhusu kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike maoni. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku maoni bandia na kuweka faini. Kliniki imwombe kila mgonjwa aandike anachokiona, aliyeridhika na asiyeridhika.

Majibu nayo yanahitaji uangalifu. Mgonjwa akilalamika hadharani, si ruhusa kumjibu kwa kutaja ugonjwa wake au vipimo vyake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Jibu fupi la kumwomba apige simu mapokezi linatosha.

Hesabu ya mwenye mtaji

Chukulia wakala anadai shilingi 300,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Ikiwa kliniki hubaki na shilingi 20,000 kwa kila mgonjwa baada ya kuondoa gharama, inahitaji wagonjwa wapya 15 kila mwezi ili kurudisha fedha hizo tu, kabla ya faida. Je, wapo? Njia rahisi ya kujua ni kaunta buku pale mapokezi: kila mgonjwa mpya aulizwe alikotoka habari, na jibu liandikwe. Wakala anayeonyesha chati za kupanda bila kuonyesha wagonjwa hajaonyesha kitu.

Subira pia inahitajika. Kwa maelezo ya Google, mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache na mengine huchukua miezi kadhaa. Mkataba wa wiki mbili wenye ahadi ya ukurasa wa kwanza ni wa kutiliwa shaka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni umiliki. Anwani ya tovuti, kama ile inayoishia na .co.tz, na akaunti ya Wasifu wa Biashara viandikishwe kwa jina la kliniki, na maneno ya siri yakae kwa mwenye mali. Wakala akiandikisha kwa jina lake, siku ya kugombana ataondoka na mlango. Anayetaka kununua hisa katika kliniki, au kuinunua yote, adai kuonyeshwa vitu hivyo pamoja na leseni na mkataba wa pango. Kliniki yenye miaka kumi ya maoni ya kweli ina mali ambayo mpinzani mpya hawezi kuinunua kwa mwezi mmoja.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo bado una nguvu sokoni, lakini chema nacho lazima kiwekwe mahali ambapo mnunuzi anapita. Kwa mwenye kliniki, kazi ya kuanzia haigharimu hata senti: achukue simu isiyo yake, aandike huduma anayoitoa na jina la mtaa wake, kisha aipigie namba itakayotokea. Ikipokelewa na mtu wa mapokezi wake, ameanza vizuri.