Fangasi Anayesafiri na Mgonjwa

Mgonjwa mahututi wa Arusha akizidiwa, ndugu hutafuta msaada Moshi, hospitali ya KCMC, au huvuka mpaka wa Namanga hadi Nairobi. Akirudi, barua ya rufaa hueleza upasuaji na dawa. Lakini bila kipimo haiwezi kumtaja Candida auris, fangasi anayekaa kwapani na kwenye kinena kwa miezi bila kuwasha wala kuleta homa.

Alitambuliwa na wanasayansi nchini Japani mwaka 2009. Nairobi haikukawia kumwona: katika hospitali moja, kati ya 2010 na 2016, wagonjwa 201 walikutwa na fangasi wa jamii ya Candida kwenye damu, na 77 kati yao walikuwa na huyu. Mwanzoni mashine za maabara zilimpa jina la fangasi mwingine. Nchini Marekani, takriban asilimia 90 ya sampuli zake hazisikii flukonazoli, dawa tunayoikimbilia kwanza.

Kumtafuta si kazi kubwa. Kijiti cha pamba hupitishwa kwapa zote mbili na kinena pande zote, kisha maabara huotesha sampuli kwenye joto la nyuzi 40 au zaidi, ambako fangasi wengi hushindwa na yeye hustawi. Majibu huchukua siku kadhaa. Kwa siku hizo mgonjwa awe na chumba chake, au angalau kipimajoto chake mwenyewe.

Kipimajoto nimekitaja makusudi. Huko Oxford, Uingereza, wagonjwa 70 walikutwa na fangasi huyu katika mlipuko ulioanzia 2015, na chanzo kikubwa kilikuwa vipimajoto vya kwapani vilivyotumiwa na wagonjwa wengi kwa zamu. Saba tu ndio walioshambuliwa ndani ya mwili. Waliobaki wasingejulikana kama wangesubiriwa waugue.

Sidai kila anayelazwa hospitali ya Mount Meru apimwe. Waanze waliotoka wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) ya hospitali nyingine, hasa nje ya nchi, na wenye mipira ya mkojo au mirija ya kupumulia. Dawa ya kumwondoa kwenye ngozi haipo; kilichopo ni klorini kwenye vitanda na vifaa, maana baadhi ya dawa za kawaida za kusafishia hazimuui. Na katika wodi zetu anayemwogesha mgonjwa mara nyingi ni mama yake au dada yake. Huyo apewe glavu, aonyeshwe namna ya kunawa, na aelezwe wazi kwamba ndugu yake hana ugonjwa wa aibu.