Ghala la Mpunga Likija Jirani, Uliza Haya Kwanza

JE, msomaji, umewahi kupanda matatu pale Maseno, karibu na mahali ambapo barabara inaukata mstari wa ikweta, ukateremka hadi Kisumu na kuendelea kwa njia ya Ahero? Ukishapita Nyamasaria na Rabuor, vilima vinabaki mbali na tambarare ya Kano inakunjuka mbele yako. Wakati wa mavuno utaona maturubai yametandikwa kando ya lami, na akina mama wakiugeuza mpunga huku jicho moja likitazama mawingu.

Kwa abiria, hayo ni mandhari ya kupendeza. Kwa mwenye mpunga, huo ni mchezo wa bahati nasibu. Mvua ya ziwani haipigi hodi, na mpunga uliolowa huota, hubadilika rangi na kushika ukungu. Mwenye haraka ya karo humwuzia mchuuzi mpunga wake ungali mbichi, kwa bei ya kutupa.

Mpunga unapovunwa huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ili uhifadhiwe bila kuharibika, sharti unyevu huo ushuke hadi asilimia 14 au chini yake. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 22. Kulifikisha 14 ni sawa na kuondoa zaidi ya kilo tisa za maji. Hesabu sasa magunia elfu moja, na jua lenyewe limejificha.

Si ajabu basi kwamba habari za kujengwa kwa mashine ya kukaushia mpunga na ghala la kuuhifadhi hupokewa kwa vigelegele. Mradi wa unyunyizaji wa Ahero ulianzishwa mwaka 1969, na ule wa Kano Magharibi ukafuata katika miaka ya 1970. Lakini hata leo Kenya huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka ng'ambo. Kila gunia linalooza Kano ni pengo linalozibwa na mchele wa nje.

Hata hivyo, jengo la kuhifadhi chakula nalo lina madhara yake. Ndiyo maana sheria hudai tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kupima mapema nani atafaidika, nani ataumia na nini kifanywe. Tuseme ghala kama hilo linapangwa karibu na boma la nyanya yako. Uulize nini?

Moto unatoka wapi?

Mashine ya kukaushia huhitaji joto. Ikiwa ni la dizeli, kuna moshi na gharama. Ikiwa ni la kuni, uliza miti itakatwa wapi. Mto Nyando tayari hubeba udongo mwingi kutoka nyanda za juu na kuumwaga ziwani, na kila kilima kinachonyolewa huongeza tope hilo.

Makapi yataenda wapi?

Mara nyingi ghala huzaa kinu. Katika kila kilo 100 za mpunga, takriban kilo 20 ni makapi, yaani maganda. Magunia elfu moja huacha tani 20 za makapi. Yakirundikwa na kuchomwa ovyo, jirani atakohoa. Yakisukumwa mtaroni, yataoza na kuziba maji. Lakini yakichomwa katika tanuri lililojengwa vyema, makapi hayo hayo yanaweza kutoa joto la kukaushia mpunga na kuokoa miti. Hapo uliza pia kuhusu majivu, kwa maana karibu sehemu moja kwa tano ya makapi hubaki kuwa majivu yaliyojaa silika, na vumbi lake si la kuvutwa na mtoto.

Wadudu watauawa kwa dawa gani?

Maghala mengi hutumia vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na binadamu. Chumba cha kulala hakifai kupakana na ghala la namna hiyo, na mtu asiyefunzwa hafai kushika vidonge hivyo. Wewe mwanafunzi unayetafuta chumba cha bei nafuu, kumbuka hilo.

Maji yatapita wapi?

Swali hili husahaulika zaidi. Kano ni nchi ya mafuriko. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalifukuza familia kutoka makwao. Udongo wake mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mjenzi mwerevu atainua ghala lake juu ya kifusi ili mpunga usilowe. Vizuri! Lakini maji yaliyokuwa yakipita hapo hayatatoweka. Yatatafuta njia nyingine, na huenda njia hiyo ikawa mlango wa nyanya yako.

Usidhani, msomaji, kwamba maswali haya ni ya kupinga maendeleo. Tathmini ya haki hupima pia hasara ya kutojenga. Mwaka 2004, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini ilipata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hayo yalikuwa mahindi, lakini ukungu hupenda nafaka yoyote mbichi. Kukausha vyema ni kulinda maisha. Linalotakiwa ni kukausha bila kumwumiza jirani.

Sheria inasema nini?

Sheria ya mazingira ya Kenya ilipitishwa mwaka 1999. Kanuni za tathmini zilizotolewa mwaka 2003 ziliagiza kwamba mradi unaohitaji uchunguzi kamili utangazwe gazetini kwa majuma mawili mfululizo na redioni kwa lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathirika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa anaweza kukata rufani kwa mahakama maalumu ya mazingira.

Haki hizo si maneno matupu. Mwezi Juni mwaka 2019, mahakama hiyo ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikiwa mradi mkubwa hivyo ulisimamishwa, ghala la mpunga litashindwaje kurekebishwa mapema?

Tatizo ni kwamba ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa kwa kurasa. Mikutanoni wazee hunywa soda, hutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria na kurudi nyumbani. Baadaye orodha hiyo huambatishwa kwenye ripoti, nayo ikasomwa kana kwamba wote waliafiki.

Hapo ndipo unapohitajika wewe uliye mjini, na wewe uliye chuoni pale Maseno. Siku nyanya atakapokupigia simu kwamba wameletewa karatasi za ghala jipya, usimwambie tu, "Tia sahihi, ni maendeleo." Mwambie akutumie picha za karatasi hizo. Msomee kwa lugha anayoielewa. Kisha nenda naye mkutanoni, uketi mbele, uulize habari za moto, makapi, dawa na maji. Majibu yakiwa mazuri, na yakiandikwa, basi wote pigeni vigelegele.

Maji yakimwagika hayazoleki. Na huko Kano, wanajua maji ni nini.