Valvu ya Moyo: Zawadi Inayotunzwa kwenye Baridi Kali

Mwezi huu tunazungumzia valvu za moyo, ambazo wengi huziita milango ya moyo. Anayejaza upepo tairi la baiskeli anaijua kazi ya valvu: upepo huingia, haurudi. Moyo una valvu nne, nazo huielekeza damu upande mmoja tu, kiasi cha mara 100,000 kila siku.

Kwa nini huharibika?

Wapo watoto wanaozaliwa na valvu zenye kasoro. Lakini wengine wengi hapa kwetu huharibikiwa baada ya homa ya rumatiki, inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Valvu ikiharibika sana hubadilishwa kwa upasuaji, kama unaofanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Valvu mpya hutoka wapi?

Ziko za kiwandani, ambazo hudumu miaka mingi. Hata hivyo, anayewekewa hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Hebu tumfikirie binti wa Makongolosi mwenye valvu hiyo. Kila kipimo huenda kikawa safari ya kupita Chunya hadi Mbeya mjini. Akishika mimba, dawa ile inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ziko pia valvu za nguruwe au ng'ombe. Hizo hazidai dawa hiyo maisha yote, ila kwa vijana huchakaa mapema.

Aina nyingine ni valvu ya binadamu aliyefariki. Mwaka 1962 Daktari Donald Ross, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipandikiza mahali pake ndani ya moyo wa mgonjwa huko London. Wiki chache baadaye Daktari Brian Barratt-Boyes alifanya vivyo hivyo New Zealand.

Hutunzwaje?

Valvu inaweza kuchukuliwa hata baada ya moyo kusimama, mradi kazi ifanyike ndani ya saa chache na mwili uwe umewekwa kwenye baridi. Hata mgonjwa anayebadilishiwa moyo mzima anaweza kutoa valvu nzuri zilizobaki katika moyo wake wa zamani. Damu ya mtoaji hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kisha valvu hulowekwa katika dawa za kuua bakteria.

Zamani zilitunzwa kwenye jokofu kwa wiki chache tu. Siku hizi hutiwa katika maji maalumu yanayozuia barafu isichane nyama, hupozwa taratibu, kama nyuzi 1 kwa kila dakika, kisha huwekwa kwenye mtungi wa naitrojeni. Wafugaji wa Rungwe na Njombe wanaifahamu mitungi ya namna hiyo kwa wataalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Humo valvu hukaa miaka kadhaa ikimsubiri mgonjwa.

Aliyepata valvu hiyo kwa kawaida hahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Hata hivyo ina mipaka yake: kwa watoto hukakamaa baada ya miaka, na zinazotunzwa zaidi ni zile mbili za kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Tena ni chache, kwa kuwa hutegemea hiari ya watu.

Je, Mkristo aweza kutoa?

Ndiyo. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake *Evangelium Vitae* ya mwaka 1995, alisifu utoaji wa viungo unaofanywa kwa njia ya haki. Hautakiwi kuwa biashara, wala mtu kulazimishwa. Ni vema familia izungumze mapema, kwa sababu saa ya msiba ni ngumu kwa uamuzi kama huo.

Tuanzie nyumbani

Valvu bora kuliko zote ni ile uliyozaliwa nayo. Mtoto akiumwa koo na kupata homa, mpelekeni zahanati, na dozi aliyopewa aimalize. Aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki asikose sindano yake ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kama atakavyoelekezwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.